Rupia Mia Mlangoni Pako

Hosteli ya Wajumbe, chumba namba 14
Jumapili, tarehe 9 Machi. Manyunyu tangu alfajiri. Ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la jiko, na baridi ni ya kuvaa soksi mbili.

Dada yangu Khimuli,

Nakugusa miguu kutoka huku niliko, na shemeji naye mfikishie heshima yake. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi hii? Yule nyati mweusi wa maziwa amekwisha kuzaa, au bado anawaweka roho juu? Na mkamwana wako Hiruli, je, ameanza kula pamoja nanyi, au bado anachukua sahani yake na kwenda kukaa kwenye ngazi ya ghala? Mwambie mama yake mdogo anamuulizia kila siku, hata zile siku ambazo simu haipigwi.

Mimi mwili hauna neno. Usingizi ndio umenikimbia, lakini hilo nitalifikia.

Jana uliponipigia simu hukunipa nafasi ya kujibu, na mimi sikuwa na haki ya kukukatiza. Ulisema tangu Ijumaa asubuhi watu wanaacha noti za rupia mia mlangoni pako. Mmoja kaichomeka kwenye kitasa, mwingine kaibandika ukutani kwa unga uliokandwa, na Bibi Jasuli wa duka la chai kaja kukutia yake mkononi mbele za watu akisema, “Haya mama, mpelekee Mheshimiwa wetu, maana tunasikia mia ya daktari imemshinda.” Ulisema wanawake kwenye bomba la maji wananyamaza ukitokea. Kisha ukaniuliza kama ni kweli, mimi uliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule, nimesimama mbele ya jimbo zima nikakataa kutoa mia. Mia! Ukaniambia nisithubutu kuja kwa sikukuu ya rangi, ukakata simu.

Nakuandikia kwa sababu kuta za hosteli hii ni nyembamba na wajumbe wana masikio, na pia kwa sababu naandika vizuri kuliko ninavyosema. Shajara yangu iko wazi hapa pembeni ili nisikosee siku.

Nianze na hiyo mia, maana imeeleweka kinyume. Sikuambiwa nitoe mia. Hakuna aliyetaka kuwapa mia. Kila mwaka mwezi kama huu mawaziri wanakuja Barazani mmoja mmoja, kila mmoja akiomba fedha za wizara yake. Mjumbe mwenye dukuduku hana njia nzuri ya kumbana waziri kuliko siku hiyo, kwa sababu siku nyingine waziri hujibu anavyotaka, lakini siku anayoomba fedha ni yeye aliyenyoosha mkono. Basi mjumbe husimama akasema: naomba fedha za wizara hii zipunguzwe rupia mia. Hazitaki hizo mia. Ni kama kumshika mtu ncha ya shali asiondoke kabla hajakujibu. Anaeleza kero yake, waziri anasimama na kutoa ahadi mbele ya Spika, na ahadi hiyo inaandikwa. Ipo kamati maalumu ambayo kazi yake ni kuwauliza mawaziri, umeahidi hivi, umefikia wapi? Mjumbe akiridhika anaiachia ile mia, na fedha zote zinapita. Sisi tunaita kushika rupia.

Wengine wanashika kwa mambo ya maana, wengine kwa kuonekana tu. Mwaka jana Mheshimiwa Koranga, yule mzee wa upinzani wa bonde la jirani, alishika rupia za Wizara ya Misitu kwa ajili ya nyani wanaokula mahindi. Waziri akajibu kwamba nyani watahesabiwa kwanza. Mzee akauliza kama atawapanga mstari. Baraza likacheka mpaka Spika akasahau kugonga meza.

Sasa sikiliza sheria yake. Wanaoshika rupia ni upinzani. Mtu wa chama tawala kama mimi hashiki, kwa sababu hoja ile ikipita, hata kwa rupia mia, maana yake Baraza halina tena imani na serikali, na serikali inaanguka siku hiyohiyo. Waziri Kiongozi anakwenda kwa Gavana kukabidhi barua. Ndiyo maana siku za fedha mnadhimu wetu, Trilok Mahar, anatugawia amri ya chama iliyopigiwa mistari mitatu chini: fika, kaa, piga kura na wenzako. Ukipiga kinyume unapoteza kiti, na si chama tu kinachokunyang’anya, ni sheria ya nchi. Unarudi nyumbani kulisha nyati.

Alhamisi tarehe 6 ilikuwa siku ya Wizara ya Afya. Mheshimiwa Koranga alishika rupia mia kwa ajili ya kituo chetu cha afya. Ndiyo, chetu, si cha bonde lake. Alisema jengo lipo, vitanda vipo, rangi ya ukuta ni mpya, lakini mwaka wa pili sasa hakuna daktari, na mkunga aliyekuwepo amehamishiwa mjini. Akasema wanawake wa bonde hilo wanabebwa kwenye kiti cha mbao, wanaume wanne wanapokezana, saa tano za kushuka mpaka kwenye barabara ya lami. Alimtaja mmoja aliyebebwa usiku wa theluji mwezi wa Januari. Hakumtaja jina. Nashukuru hakumtaja jina.

Unajua, Dada, mimi nilikuwa nimekaa hatua kumi kutoka kwake, nikitazama meza yangu.

Waziri alianza kama wanavyoanza wote, kwamba jambo linaangaliwa. Mzee akasema, “Mheshimiwa Waziri, macho yenu mazuri sana, mwaka wa pili mnaangalia. Mimi nataka mguu. Nani anapanda mlima, na lini?” Upande wao wakapiga meza. Hata upande wetu nilisikia mtu akichekea puani. Waziri akawatazama maofisa wake kwenye kile kibanda cha nyuma, akapokea kikaratasi, akasoma: daktari mmoja wa kike na wakunga wawili, watafika kabla ya mvua za Juni, na nafasi zao zimo ndani ya fedha anazoziomba leo.

Nilishusha pumzi. Ilikuwa imekwisha. Mzee Koranga akasimama, akashukuru, akasema anaomba ridhaa ya Baraza airudishe hoja yake.

Hapo ndipo jambo lilipoharibika. Hoja ikishatolewa si ya mtu tena, ni ya Baraza zima. Mwenyewe akitaka kuirudisha lazima wote wakubali, na sauti moja tu ikisema hapana, hairudi. Kwa kawaida hakuna anayesema. Lakini nyuma ya mzee anakaa kijana mmoja wa chama chake, Puran Takuli, mwenye macho mepesi. Wakati sisi tunasikiliza habari za daktari, yeye alikuwa anahesabu viti vyetu. Wajumbe wawili wa upande wetu walikuwa kwenye harusi bonde la mashariki, na Waziri wa Barabara alikuwa ametoka kuvuta sigara. Puran akapaza sauti: “Hapana!”

Mzee Koranga akageuka nyuma kama mtu aliyepigwa jiwe. Akamwambia, na kipaza sauti kilikuwa bado wazi, “Wewe mtoto, kaa chini, hujui unachokigusa.” Kijana akajibu kwamba anakijua sana, ni serikali. Spika hakuwa na njia nyingine. Akauliza wanaoafiki, wakanguruma ndiyo. Akauliza wasioafiki, tukanguruma hapana. Wao wakadai tuhesabiwe. Kengele ikalia, ile kengele ndefu ya korido zote, na ikinyamaza milango inafungwa kwa komeo. Waziri wa Barabara alikuja mbio akamkuta mlinzi anasukuma komeo la mwisho. Tulimwona kupitia kioo, ameshika sigara iliyozimika, anapiga mlango kwa kiganja.

Trilok Mahar alipita nyuma ya viti vyetu akinong’ona. Aliponifikia aliinama akasema, “Dada Saruli, leo usiumwe tumbo. Tukitoka salama, bonde lako utaliomba lote nikupe.”

Walisimama kwanza wanaotaka mia ipunguzwe, wakahesabiwa: thelathini. Mzee Koranga alisimama nao, maana yeye pia ana mnadhimu na yeye pia ana kiti. Kisha Spika akasema wasioafiki wasimame. Nikasimama. Tulikuwa thelathini na mmoja. Hoja ikaanguka, serikali ikabaki, fedha zikapita, milango ikafunguliwa. Mtu aliyekuwa kwenye jukwaa la wageni akanipiga picha nikiwa nimesimama, na hiyo ndiyo picha mliyoletewa kwenye simu zenu, yenye maneno kwamba mjumbe wa bonde amekataa hoja ya daktari. Hawakudanganya. Ningebaki nimekaa, zingekuwa thelathini kwa thelathini na mzigo ungeangukia kura ya Spika. Ningesimama na wale wengine, serikali ingeanguka kwa sauti yangu.

Mpaka hapa ni yale ambayo mtu yeyote aliyekuwa ukumbini anaweza kukusimulia. Linalofuata tunalijua watu watatu, na ukisoma utakuwa wa nne.

Usiku ule wa Januari shemeji aliponipigia kwamba mnamteremsha Hiruli, nilimpigia Waziri wa Afya. Akapokea msaidizi wake, akaniambia kwa adabu kubwa kwamba nilete maombi kwa maandishi. Nikaleta. Nikaleta tena. Nikasimama kwenye kikao cha chama nikaomba niruhusiwe kulisema Barazani siku ya fedha. Trilok akacheka, si kwa ubaya, akasema, “Dada, sisi ndio serikali. Tutajishika shali wenyewe?” Wakanipigia makofi ya kunifariji na tukaendelea na ajenda.

Unajua kwamba hapa hosteli nakula kwa akina Koranga. Barazani yeye ni adui, lakini mkewe Madhuli ni mzaliwa wa bonde letu, na mikate yake ya ulezi ni ile tuliyolelewa nayo. Jioni moja mwezi wa Februari nilikuwa namsaidia kuchambua dengu, mzee anasoma gazeti. Niliwaeleza habari za Hiruli na mtoto aliyempoteza. Sikuwa na mpango wowote, nilikuwa nalia tu. Madhuli akaacha dengu akamgeukia mumewe: “Mheshimiwa mzima, rupia za barabara unashika, za misitu unashika, za nyani unashika. Za uzazi zinachoma mkono?” Mzee akasema si bonde lake, ataona haya kuniingilia. Ndipo mimi nikasema maneno ambayo mtu wa chama changu hatakiwi kuyasema. Nilimwambia ashike. Nikamwambia aseme nini: jengo, rangi mpya, mkunga aliyehamishwa, kiti cha mbao, wanaume wanne. Nikamwambia asimtaje jina. Nikamwambia Waziri akisema “linaangaliwa” asikubali, amdai nani na lini. Yeye aliandika kwa mkono wake, mimi nikisema, Madhuli akitukemea tusimwage chai kwenye karatasi. Tulikubaliana jambo moja: ahadi ikipatikana, anaiachia mia, na hakuna anayeumia.

Kwa hiyo, Dada, hoja niliyosimama kuiua ni yangu mwenyewe. Kila neno lake.

Umenifundisha nisijisafishe, basi sitajisafisha. Ninaweza kukuambia kwamba serikali ingeanguka fedha zisingepita, tungetawaliwa na Gavana mpaka uchaguzi, na katika miezi ile wanalipa mishahara ya zamani tu, hawaajiri mtu mpya. Daktari wetu angeanguka pamoja na Waziri. Hayo ni kweli, na niliyafikiri. Lakini nilifikiri pia kiti changu. Nilifikiri jina langu mlangoni na dereva anayeniita Mheshimiwa, na kwamba nina miaka mitatu tu humu. Yote mawili yalikuwa kichwani kwa wakati mmoja, na Spika alisema simameni kabla sijajua ni lipi lililoninyanyua. Mpaka leo sijui. Nimekesha siku tatu nikijiuliza.

Ile Alhamisi jioni niliogopa kwenda kula. Madhuli akaja kunigongea mlango kwa mwiko, akasema mtu aliyemzika mtoto wake mwenyewe halali na njaa, niingie. Alisema hivyo, halafu akakumbuka Hiruli, akafunika mdomo kwa shali. Baadaye mzee akasema ametoa hoja miaka mingi, zimeshindwa nyingi, lakini hajawahi kushindwa na mama wa hoja. Alikuwa anajaribu kunichekesha. Chama chake kimemwita kamatini wanataka kujua kwa nini alitaka kuirudisha hoja wakati serikali iko mkononi. Angeweza kusema aliahidi. Angeweza hata kusema alimwahidi nani, na mimi leo nisingekuwa na chama. Amewaambia amezeeka, aliona imetosha.

Ahadi ipo, Dada. Hoja imekufa lakini ahadi ya Waziri iliandikwa kabla haijafa, na ile kamati itamuuliza. Lakini maofisa wa Wizara wanatafuta sababu ya kutopanda mlima. Wakisikia kwamba hoja ile ilipikwa jikoni na mtu wa chama chao wenyewe, watasema ulikuwa mchezo, na mchezo hauletewi daktari. Kwa hiyo mpaka yule mwanamke atakapoingia kituoni na mkoba wake, habari hii haiwezi kutoka. Wala kwa shemeji. Hiruli ndiye ninayemwonea uchungu kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye mwenye haki ya kujua, na ndiye atakayeamini kuwa nilisimama dhidi yake. Pima wewe. Ukiona moyo wake hauwezi kungoja mpaka Juni, mwambie, na litakalonifika nitalipokea.

Kuhusu sikukuu, nisamehe, nitakuja. Alhamisi nitashuka basi sokoni na nitapanda kwa miguu, bila dereva na bila askari, kupita mbele ya duka la Bibi Jasuli na mbele ya bomba. Mlangoni kwako nitasimama nje. Kufungua ni hiari yako. Nikizomewa njiani, najua wewe hukai kimya mtu akinigusa, tangu tukiwa wadogo. Safari hii kaa kimya. Hata wakisema neno baya kabisa, hata ukiwa unalo jibu mdomoni, Dada, usinitetee.

Nisalimie wote wa nyumbani, na majirani wanaokubali salamu zangu. Mwambie shemeji tumbaku yake nimeipata. Tunza goti.

Mimi mdogo wako,
Saruli

Jumatatu asubuhi, mvua imekatika. Nilipomaliza ukurasa wa mwisho sikuifunga bahasha, nikajilaza nipumzishe mgongo kidogo. Nakumbuka kengele ya chakula ikilia, na Madhuli akimwambia mtu koridoni aniache. Nimeandika kwenye shajara: nililala tangu saa mbili na nusu usiku mpaka asubuhi, na taa ikiwaka.